Jumapili Niliyofukuzwa Nikaendeshe Baiskeli

Jumapili, mwisho wa Julai. Ukungu asubuhi, mvua ya mawe alasiri, na sasa baridi inayoingia mpaka kwenye meno.

Nimefukuzwa nyumbani kwangu mara mbili leo. Mara ya kwanza na mke wangu, mara ya pili na Mama Kobilo, jirani yetu. Ndiyo sababu naandika nikiwa barazani mwa stoo, nimekaa juu ya gunia la mahindi, taa ya chemni karibu na goti. Suruali yangu ina tope mpaka mapajani na sijathubutu kuingia ndani kuchukua nyingine.

Upande wa pili wa ukuta huu, mke wangu Rebeka anajifungua.

Naandika ili mkono upate kazi. Nikiuacha bure utaenda kugonga mlango.

Mpaka Pasaka tulikuwa tunakaa lokesheni, mtaa wa Waafrika, ng'ambo ya mto Sosiani, na mimi nilikuja kazini kwa baiskeli kila asubuhi. Kisha bwana mwenye stoo akanipa chumba hiki cha nyuma, cha mawe, chenye bati lisilovuja. Kila mtu alitupongeza. Zakayo, karani mwenzangu, alinishika mkono akautikisa kama wa bwana harusi.

"Elamu, wewe sasa unaamka tu, uko kazini!"

Ndivyo ilivyo. Naamka, niko kazini. Chai haijashuka tumboni nimeshakaa kwenye meza.

Hakuna aliyejua nilichopoteza, hata mimi mwenyewe sikujua. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nilizaliwa hivyo; mama yangu kule Maragoli husema nilikuwa nalia kabla sijaguswa. Lakini nikiwa juu ya baiskeli, mahali fulani kati ya daraja na stesheni, kifua kilikuwa kinafunguka chenyewe. Miguu ikizunguka, upepo wa baridi masikioni, mawazo yote ya usiku yanabaki nyuma kama vumbi. Nilikuwa nafika kazini nikiwa mtu. Nikarudi jioni nikiwa mtu tena.

Baada ya kuhamia hapa, baiskeli ilisimama ukutani. Baada ya majuma machache Rebeka alianza kuanika vitambaa kwenye hendeli. Nami nikaanza kuamka usiku na kuhesabu mabati.

Kwa hiyo nikaanza kuiba safari.

Maziwa yanauzwa mlango wa jirani. Nilimwambia Rebeka kwamba ni mepesi, yametiwa maji, nikawa nayafuata kwa mzee mmoja upande wa barabara ya Ziwa, nyuma ya msitu wa miwati, asubuhi kabla ya kazi. Maziwa yake ni mazuri, sikatai. Lakini hata angekuwa anauza maji ya mto ningeenda. Mchana, wenzangu wakikaa kivulini kula, mimi nilikuwa natafuna kiazi kitamu kwa mkono mmoja nikizunguka stesheni. Nikajitolea kupeleka matangazo ya kanisa kwa waumini walio mbali, wale wa mashambani. Wazee wa kanisa walinisifu mbele ya watu kwa bidii yangu katika kazi ya Bwana. Mungu anajua ilikuwa bidii ya miguu.

Kila mara lazima kuwe na sababu. Hapa mtu kama mimi haendi tu. "Unaenda wapi? Umetumwa na nani?" Askari anauliza, nyapara anauliza, hata mama anayepita na kuni kichwani anauliza, na yeye hana nia mbaya. Baiskeli ni ya kubebea mtu, au gunia, au kuku wa kuuza. Ukisema unaendesha kwa sababu inakufurahisha, watu wanakutazama machoni kuona kama una homa.

Zakayo ananiambia nimechoshwa na raha. Labda.

Halafu tumbo la Rebeka likawa kubwa, na hizo safari za kuiba nikaziacha.

Lazima niandike hili, ingawa kalamu haitaki. Mwaka jana tulipata mtoto, mvulana, kabla ya wakati wake. Aliishi usiku mmoja. Hatukuwa tumempa jina. Halikuwa kosa la mtu yeyote. Lakini tangu hapo nikimwona Rebeka ameshika kiuno ninasimama. Akivuta pumzi ndefu ninasimama. Mwezi huu wote nimekuwa nakaa kwenye kigoda namtazama kama mtu anayelinda sufuria ya maziwa isimwagike. Mtoto anacheza tumboni? Bado anacheza? Mara ya mwisho alicheza saa ngapi? Nilianza kuomba ruhusa kazini niende ndani kumwangalia, na ndani ni hatua chache tu, basi naenda na kurudi, naenda na kurudi, mpaka bwana akaniuliza kama nina tumbo la kuhara.

Nilidhani huo ndio upendo. Kukaa karibu.

Leo tumetoka kanisani, tumekula ugali na mboga za jana, nami nimeshakaa kwenye kigoda changu. Rebeka akasimama taratibu, akaondoa vitambaa vyake kwenye hendeli, akaifuta siti ya baiskeli kwa upindo wa leso. Kisha akaisukuma mpaka mlangoni yeye mwenyewe, na tumbo lile, mimi nimepigwa na butwaa.

"Toka," akasema.

"Niende wapi?"

"Popote. Nenda barabara ya Ainabkoi, huwa unaisifu. Nenda mpaka jasho likutoke."

"Siwezi kukuacha hivi."

"Elamu, nisikilize. Unanitazama mpaka chakula hakishuki. Nikigeuka kitandani nakukuta umekaa. Mama Kobilo yuko hapo nje, anafuma sweta, hana haraka. Mimi nataka kupumua bila mtu kunihesabia pumzi. Tafadhali."

Alisema tafadhali. Rebeka si mtu wa kusema tafadhali. Nikatoka.

Mama Kobilo alikuwa amekaa juani, jua lile dogo linalotoka ukungu ukiondoka, na uzi wake wa sufu magotini. Ni mama wa makamo, mwenyeji wa hapahapa Uasin Gishu, aliyewapokea watoto wa nusu ya lokesheni. Hakuinua macho. "Nenda salama, karani," akasema. Sasa ninajua kwa nini hakuinua macho.

Sijui nieleze vipi yaliyofuata bila aibu.

Nilifurahi.

Si mara moja. Kwanza miguu ilikuwa migumu na cheni ililalamika kwa kukosa mafuta. Nilipanda ule mwinuko wa kutoka mjini nikiwa natazama nyuma. Lakini juu, pale mashamba ya ngano yanapoanza pande zote mbili na barabara inashuka kama imemwagwa, niliinua miguu kutoka kwenye pedali nikaacha baiskeli iende. Tu. Ngano ilikuwa bado kijani, upepo unailaza na kuiinua. Miwati ilikuwa na harufu ile yake. Ng'ombe mmoja alikimbia nami upande wa pili wa seng'enge, kisha akachoka akaniacha. Nikacheka peke yangu barabarani. Mtu mzima, mwenye tai ya kanisani, anacheka.

Nilipofika bondeni nikagundua kwamba kwa mteremko mzima sikumfikiria Rebeka hata mara moja.

Hapo nikashika breki. Nikawaza, ndivyo inavyotokea. Mtu anacheka, na huko nyumbani... Sikumaliza hilo wazo. Niligeuza baiskeli, nikaona mwinuko ule mrefu mbele yangu, nikaona na njia ya gari la ng'ombe inayokata shambani kuelekea mjini. Kuna geti, lakini lilikuwa wazi. Nikaingia.

Sikufika mbali. Mtu alitoka nyuma ya zizi na rungu mkononi.

"Simama! Wewe ni nani?"

Alikuwa nyapara wa shamba, mtu mzima, na koti zito la jeshi, pengine alirudi nalo kutoka vitani. Nikashuka. Nikamwonyesha kipande changu, kile kitambulisho cha kazi, kiko shingoni kama cha kila mtu. Akakisoma pande zote, au akakitazama pande zote.

"Hii inasema unafanya kazi mjini. Hapa unatafuta nini? Cheti ya kupita iko wapi?"

"Sina cheti, mzee. Nilikuwa nakata njia, narudi nyumbani."

"Unatoka wapi?"

"Barabarani tu."

"Ulienda kwa nani?"

"Sikuenda kwa mtu. Nilikuwa naendesha."

"Unaendesha kwenda wapi?"

"Kuendesha tu, mzee. Bila kwenda mahali."

Ningekuwa na debe la maziwa, hata tupu, ningekuwa na jibu. Ningekuwa na tangazo la kanisa. Wiki hii wameibwa ndama wawili kwenye shamba la jirani, na mimi nimesimama ndani ya geti la watu Jumapili, nimevaa tai, nasema siendi mahali. Hata mimi nisingeniamini.

Kwa hofu nikasema neno ambalo lilizidi kuniharibia. "Mzee, niachilie, nina mke ana mimba kubwa, yuko nyumbani."

Uso wake ukabadilika. Si kwa huruma.

"Mke yako ana mimba kubwa, na wewe unazunguka na baiskeli? Bila kazi? Hapana. Wewe ni mwongo, au wewe ni mtu mbaya. Kaa hapa mpaka bwana aamke."

Nilikaa chini ya paa la zizi. Mvua ya mawe ikaanza. Ilipiga bati mpaka hatukuweza kusikizana, na mawe meupe yakaruka kwenye matope miguuni petu. Nilimwona Rebeka mbele yangu kila nilipofumba macho, na nilipofumbua nikamwona pia. Maneno ya nyapara yalikuwa yamekaa kifuani mahali palepale palipokuwa pamefunguka kwenye mteremko. Mwongo, au mtu mbaya. Nilianza kupanga mazungumzo na baba mkwe wangu. Nilianza kumpangia Rebeka maneno ya mazishi. Naandika hivi ili siku nyingine nisome nijue jinsi akili yangu inavyonifanya.

Nyapara mwenyewe alivua lile koti, akaliweka juu ya siti ya baiskeli yangu isilowe. Mtu mgumu, lakini aliona siti ni ya ngozi.

Mvua ilipopungua bwana mwenye shamba akatoka, Kaburu mkubwa mwenye ndevu nyekundu, suruali imeshikwa kwa mkanda mmoja wa begani, uso umejaa usingizi. Nyapara akamweleza. Kaburu akanisogelea.

"Wewe fanya nini kwa shamba yangu?"

Nikakusanya uongo wote niliokuwa nao, nikaona hakuna hata mmoja unaosimama. Nikamwambia ukweli. Kwamba nilikuwa zamani nakaa mbali na kazi na sasa nakaa palepale kazini. Kwamba nisipoendesha silali. Kwamba mke wangu amenifukuza kwa sababu namtazama sana. Kwamba nataka kurudi kwake na njia hii ni fupi.

Akacheka, kicheko cha kikohozi, akamgeukia nyapara.

"Mwizi iko na uongo mzuri. Hii ni mbaya sana. Lazima ni kweli."

Akaniuliza stoo ninayofanyia kazi, nikamtajia. Akasema anamjua bwana wangu na kesho atakwenda kuchukua mbegu na atamuuliza kama karani wake ni mwendawazimu. Kisha akanielekeza kidole kule nilikotoka. Shambani kwake sipiti. Nirudi kwa barabara.

Kwa hiyo kesho lipo hilo nalo. Sijapata nafasi ya kuliogopa.

Kurudi sikuendesha. Tope la huku likilowa linashika tairi kama unga uliokandwa. Linajaa kati ya gurudumu na fremu mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Nilikuwa nalitoa kwa kijiti, naenda kidogo, linajaa tena. Mwishoni nikaibeba baiskeli begani. Watu wawili waliokuwa wanatoka sokoni waliniuliza kwa upole, "Ndugu, inakubeba au unaibeba?" Niliwapita. Nilikuwa nalia, nadhani. Maji yalikuwa mengi usoni.

Nilipokata kona ya stoo nikaona moshi mzito kwenye jiko letu, na Mama Kobilo amesimama mlangoni, mikono kiunoni, mikono ya nguo imekunjwa mpaka juu ya viwiko. Nikaiangusha baiskeli.

"Ameanza?"

"Alianza kanisani," akasema Mama Kobilo. "Wakati wa mahubiri. Akanibana mkono mpaka nikamwomba aniachie. Akasema, Elamu asijue, atakufa kabla yangu."

Nilisimama palepale. Kanisani nilikuwa nimekaa upande wa wanaume, nikiona kisogo chake, nikijisifu kwamba sijaondoa macho juu yake. Na nilikuwa sijaona kitu.

Kwa hivyo alipoifuta ile siti uchungu ulikuwa umemshika. Alipoisukuma baiskeli mpaka mlangoni uchungu ulikuwa umemshika. Aliposema tafadhali.

"Niingie nimwone," nikasema.

"Na hilo tope? Hapana. Kaa upande wa stoo. Nikikuhitaji nitakuita."

Nikaja hapa barazani nikaanza kutembea, kutoka nguzo hii mpaka ile. Kisha nikasikia sauti ya Rebeka kupitia ukutani, imekatika-katika lakini yake.

"Elamu! Kaa chini! Nasikia viatu!"

Nimekaa. Daftari hili huwa kwenye meza yangu ya kazi, nimelichukua. Ndivyo nilivyofika hapa kwenye hili gunia.

Kumenyamaza sasa. Kunyamaza ni kubaya zaidi.

Nimejaribu kumkasirikia. Amenidanganya, amenitoa nyumbani siku ambayo mume anatakiwa awepo. Lakini kila nikijaribu naona lile jambo kutoka upande wake wa kitanda. Angekuwa na kazi mbili, kuzaa na kunituliza. Akachagua moja. Akanipa mimi mteremko wa Ainabkoi ili yeye apate nafasi ya kuogopa kwa njia yake, bila uso wangu mbele yake. Naye anaogopa. Yule mtoto wa mwaka jana alikuwa wake pia. Mwezi mzima nimemuuliza habari za mtoto tumboni, na yeye mwenyewe sikumuuliza hata siku moja kama anaogopa.

Mama Kobilo ametoka kuchukua maji ya moto. Nimemtazama usoni. Hana uso wa habari mbaya, lakini pia huyu mama hana uso wa habari yoyote.

"Bado kidogo," amesema.

Sijui kidogo cha Mama Kobilo kina urefu gani.

Naomba. Siombi vizuri, maneno yanarudi yaleyale. Awe hai. Wote wawili. Awe hai. Wote wawili.

Mtoto amelia.

Nimerudi kuandika, giza limeshaingia. Ni msichana. Ni mdogo lakini si kama yule. Huyu ana nyama mikononi na ana sauti ya kugombana. Mama Kobilo aliniruhusu niingie baada ya kunivua viatu na suruali na kunifunga leso ya Rebeka kiunoni, hivyo ndivyo nilivyokutana na binti yangu. Rebeka alikuwa amelegea, nywele zimegandamana kwenye paji la uso, midomo imekauka. Nilitaka kusema mambo mengi. Niliuliza, "Uliogopa?"

Akaanza kulia, yule ambaye hakulia mchana kutwa. Akasema, "Sana." Nikakaa sakafuni kando ya kitanda, nikamshika mguu, kwa sababu mikono yake ilikuwa imembeba mtoto.

Mtoto anapumua. Nimesikiliza. Rebeka ameniona nikisikiliza, na safari hii hakunifukuza. Yeye pia alikuwa anasikiliza. Tumemsikiliza pamoja.

Usiku wa leo ni kama ule mmoja alioishi kaka yake. Hatujautaja, lakini wote watatu humu ndani, tukiwa na Mama Kobilo, tunajua ni asubuhi ndiyo tunayoingoja. Mama huyo amekataa kurudi kwake. Amejilaza kwenye mkeka na sweta lake, anasema magoti hayataki baridi ya nje.

Nimejiwekea jambo moja. Asubuhi ikifika na binti huyu yupo, nitatoka kwa baiskeli kabla ya kazi, njia yoyote, bila debe la maziwa na bila tangazo la kanisa. Atakayeniuliza naenda wapi nitamwambia naendesha. Kisha nitarudi nimkute Rebeka amelala, nimchukue mtoto, nami niwe mtu wa kumbeba bila kumwambukiza wasiwasi.

Lakini sijui. Mchana kutwa nilikuwa naogopa kwa ajili ya mtu mmoja na nusu. Sasa ni wawili kamili. Je, mtu akishakuwa baba wasiwasi hupungua, au ndio kwanza ninaanza kuujua?

Analia tena. Naenda.